Mvutaji, Usisubiri Kuacha Ndipo Uanze Kutembea

  

Leo natafuta mtu mmoja tu kati yenu. Simtafuti mgonjwa, wala simtafuti mwanariadha. Namtafuta mvutaji wa sigara mwenye miaka 35, 40, labda 50, ambaye hajawahi kuambiwa na daktari kwamba mapafu yake yana tatizo. Anafanya kazi zake, anakula vizuri, analala usingizi. Asubuhi anakohoa, anatema makohozi, anasema ni baridi ya alfajiri, kisha anawasha ya kwanza, eti inamfungua kifua. Mtu huyo yupo hapo ulipo? Au ndiye wewe? Kama ndiye wewe, sogeza kiti. Na kama una sigara mkononi, kaa nayo. Sitakuambia uizime, maana najua utakachozima ni redio.

Nina swali la kuanzia. Mara ya mwisho kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu bila kusimama njiani ilikuwa lini? Usiharakishe kujibu. Najua kuna anayesema, "Siku hizi sipandi ngazi." Kwa nini hupandi? "Sina shida ya kupanda." Haya. Na kutoka kituoni mpaka nyumbani, unatembea? "Aa, nachukua bodaboda, ni buku tu." Na mpira wa Jumapili pale uwanja wa shule? "Nimewaachia vijana, umri umekwenda."

Umesikia majibu hayo? Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Bodaboda imewaficha wengi. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda, wananisaidia na mimi nikichelewa. Ninachosema ni kwamba ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na sigara hauanzi kwa maumivu. Unaanza kwa kumnyang'anya mtu pumzi kidogo kidogo, naye, bila kujua, anayapanga upya maisha yake ili asiihitaji hiyo pumzi iliyopotea. Anaacha ngazi. Anaacha mpira. Ndoo ya maji anamwachia kijana. Anachagua kijiwe kilicho karibu. Kila badiliko lina sababu yake nzuri, na ukimuuliza anakujibu bila kusitasita. Siku anayofika hospitali akisema, "Daktari, nakata pumzi nikivaa viatu," ugonjwa una miaka 10 au 15 mwilini.

Tuliangalie pafu lenyewe. Hewa inapita kooni, inashuka kwenye mirija inayogawanyika na kuzidi kuwa myembamba, mpaka inafika kwenye vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, ambako damu inachukua oksijeni. Moshi wa sigara unaivimbisha ile mirija myembamba na kuijaza ute. Papo hapo unazila kuta za vifuko, na ule mnyumbuko unaovifanya vijikunje na kuisukuma hewa nje unapotea. Kwa hiyo shida kubwa ya mtu huyu si kuingiza hewa, ni kuitoa. Fikiria daladala ambayo kila kituo abiria wanapanda na hakuna anayeshuka. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Kufika cha tano konda anapiga kelele, "Sogeeni nyuma jamani!", na nyuma hakuna pa kusogea. Kifua cha mtu mwenye ugonjwa huu kiko hivyo anapotembea haraka. Kimejaa hewa iliyokwisha kutumika, na hewa mpya haina pa kukaa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Akiwa amekaa, mtu anahema polepole, na hewa inapata muda wa kutoka hata kama njia imebana. Akianza kwenda kwa kasi, anahema upesi upesi, na muda ule haupo tena. Ndiyo maana mvutaji anaweza kumaliza wiki nzima kitini, kwenye bao, kwenye televisheni, ndani ya gari, na asigundue chochote. Kukaa kunaficha. Nalirudia: kukaa kunaficha.

Je, kila mvutaji anaishia huko? Hapana, na ukweli huo ndio unaowapa watu kiburi. Kila mtu ana babu yake aliyevuta mpaka akafika miaka 90. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto wa Uingereza walitoa matokeo ya kazi yao ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka minane, wakiwapima mapafu kila baada ya muda. Waliona kwamba uwezo wa mapafu unapungua kwa sisi sote kadiri tunavyozeeka, taratibu tu, kiasi ambacho asiyevuta anaweza kuzeeka na kufa bila kukosa pumzi. Lakini wapo wavutaji ambao kwao kushuka huko kuna kasi ya kutisha. Kisha wakaona jambo la tatu, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote: mvutaji akiacha, kile kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kasi ya kushuka inarudi karibu na ile ya mtu asiyevuta. Yaani aliyeacha akiwa na miaka 45 amejinunulia miaka ya kupanda ngazi. Na yule babu wa miaka 90? Alikuwa na bahati ya maumbile. Wewe hujui kama umerithi mapafu yake, na utakapojua utakuwa umechelewa.

Haya, tuje kwenye mazoezi. Kuna mambo mawili nayasikia sana vijiweni. La kwanza ni maziwa: ukivuta, kunywa maziwa, yanasafisha kifua. Ndugu yangu, maziwa yanakwenda tumboni. Njia ya chakula na njia ya hewa zinaachana kooni, na siku maziwa yakiingia kwenye mapafu utapaliwa mpaka utoke machozi. La pili ni jasho. "Mimi navuta, lakini nakimbia, natoa sumu yote kwa jasho." Jasho ni maji na chumvi, yanatoka kwenye ngozi. Ile lami ya sigara iliyoganda ndani ya pafu haina njia ya kufika kwenye ngozi yako hata ukikimbia kutoka Dar es Salaam mpaka Chalinze.

Wapenzi wa soka mtanielewa upesi nikimtaja Johan Cruyff. Sidhani kama kuna anayebisha kwamba yule Mholanzi alikuwa na miguu na mapafu ya kazi. Alicheza Ajax, alicheza Barcelona, alicheza fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1974. Na alikuwa mvutaji mkubwa. Mwaka 1991, akiwa kocha wa Barcelona, moyo ulimletea shida akapasuliwa, na baada ya hapo akaacha sigara, akawa anakaa benchi la ufundi na pipi ya kijiti mdomoni. Serikali ya jimbo la Catalonia ilimtumia katika tangazo la kupinga uvutaji, akiipiga danadana pakiti ya sigara na kisha kuibutua. Mwaka 2015 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Machi 2016 akafariki akiwa na miaka 68. Saratani si ugonjwa ninaouzungumzia leo, nakubali. Ila kama jasho lingekuwa linaosha mapafu, jasho la Cruyff lingekuwa limemaliza kazi hiyo zamani.

Sasa utaniuliza, kama mazoezi hayasafishi, unatuhangaishia nini? Swali zuri.

Twende Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Huko kuna uchunguzi wa moyo wa wakazi wa jiji ulioanza miaka ya 1970 na kuendelea kwa miongo. Watafiti waliwachukua wakazi karibu 7,000, wakawauliza wanatembea na kuendesha baiskeli kiasi gani kwa wiki, wakawapima mapafu, kisha wakawapima tena baada ya miaka 10 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Miongoni mwa waliokuwa wakivuta, wale waliokuwa na mwendo wa kutosha, wa saa mbili hadi nne au zaidi kwa wiki, mapafu yao yalishuka kwa kasi ndogo kuliko ya wavutaji waliokaa, na waliopata ugonjwa sugu walikuwa wachache zaidi. Inaelekea kutembea kunapunguza ule uvimbe unaowashwa na moshi ndani ya mwili.

Lakini tusishangilie bado. Mtu mwenye akili atauliza: je, walikuwa na nafuu kwa sababu walitembea, au walitembea kwa sababu mapafu yao yalikuwa na nafuu? Watafiti wenyewe walijiuliza hivyo na kufanya hesabu zao ili kuliondoa shaka hilo, na bado utafiti wa kuwatazama watu wakiishi maisha yao hauwezi kulimaliza kabisa. Halafu liangalie jambo lenyewe. Wavutaji wenye mwendo walishuka polepole kuliko wavutaji wenzao. Walikuwa bado wanashuka.

Linganisha na uchunguzi mwingine wa Marekani na Kanada. Ulihusisha wavutaji karibu 6,000 wa miaka 35 hadi 60 ambao mapafu yao yalikuwa yameanza kuonyesha dalili za mwanzo, yaani hasa hasa yule mtu ninayemtafuta leo. Baada ya miaka 11, walioendelea kuvuta walikuwa wanapoteza uwezo wa mapafu kwa kasi inayozidi mara mbili ya wale walioacha. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na sitaki mtu aupindue: kuacha ndiyo tiba. Mazoezi ni msaidizi wa tiba. Anayetembea ili apate ruhusa ya kuvuta hajanisikia.

Ila na mimi sikubaliani na wale wanaomwambia mvutaji, "Kwanza acha sigara, mazoezi utafanya baadaye." Huyu mtu amejaribu kuacha mara ngapi? Ukimwekea sharti hilo, hatatembea wala hataacha. Mimi namwambia aanze kutembea kesho, akiwa bado anavuta. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza, miguu. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa mwilini, na mtu akikaa sana ndiyo inayonyauka mapema. Msuli mlegevu unatumia oksijeni vibaya, unachoka upesi na kuudai moyo na mapafu zaidi kwa kazi ileile ndogo. Sasa ona mzunguko wake: pumzi inapungua, mtu anakaa, akikaa, miguu inalegea, miguu ikilegea, pumzi inapungua zaidi. Ukiimarisha miguu, mapafu yako yanabaki yaleyale, lakini yanaombwa kidogo. Ndiyo maana hata watu waliokwisha kuugua sana wanapopewa programu ya mazoezi hospitalini, kipimo cha mapafu hakibadiliki, na bado wanakwenda mbali zaidi wakiwa na pumzi. Kama mgonjwa anapata nafuu hiyo, wewe ambaye bado hujafika huko utakosa nini?

Pili, arosto. Kila mvutaji anaijua. Hamu inakuja kwa nguvu, inamkaba mtu dakika chache, kisha inalegea, iwe umevuta au hukuvuta. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hata mwendo wa dakika 10 unaipunguza hamu hiyo kwa muda. Maana yake, ukiondoka kijiweni inapokukamata na kuzunguka mtaa mzima, unaporudi kilele chake kimeshapita. Sharti ni moja, usizungukie dukani kwa Mangi. Kuna watu ambao mazoezi yao pekee kwa siku ni kwenda kwa Mangi kununua moja.

Je, basi mazoezi yanamwachisha mtu sigara? Mwaka 1999 Bess Marcus na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 281 waliokuwa wakivuta na hawakuwa na mazoezi. Wote walipewa masomo ya kuacha. Nusu yao wakaongezewa mazoezi mazito mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Baada ya mwaka, kati ya kila mia waliofanya mazoezi kama 12 walikuwa hawajarudia sigara, na kati ya mia wasiofanya, kama watano. Habari njema. Lakini tafiti zilizofuata, zikijumlishwa zote, hazikuthibitisha kwamba mazoezi peke yake yanamwachisha mtu kwa kudumu. Kwa hiyo nitakwambia bila kuremba: kutembea kunakuvusha kwenye dakika mbaya. Kuacha kabisa kunataka zaidi ya hapo, kunataka ushauri wa mtaalamu, na kwa wengine dawa kama ubani wa nikotini.

Naona muda unakimbia. Tuingie kwenye programu yenyewe, na mwenye kalamu aishike.

Tembea asubuhi, kabla ya sigara ya kwanza. Kwa nini asubuhi? Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksaidi, ileile ya jiko la mkaa, nayo inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inachukua saa kadhaa kupungua. Alfajiri, baada ya kulala bila kuvuta, damu yako ina nafasi nyingi zaidi ya oksijeni kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Halafu kuna faida nyingine ambayo mimi naipenda kuliko hiyo. Wataalamu wanapotaka kujua nikotini imemshika mtu kiasi gani, humuuliza: ukiamka, unakaa dakika ngapi kabla ya kuwasha? Anayewasha ndani ya dakika tano amefungwa zaidi ya anayekaa saa nzima. Ukitembea kwanza, umeisogeza ile ya kwanza mbele kwa nusu saa bila kupigana na mtu. Wiki ijayo isogeze tena. Ukirudi nyumbani, oga, kunywa chai, mwandae mtoto wa shule, ndipo uifikirie.

Wiki ya kwanza, dakika 10 kwenye njia tambarare, siku tano. Basi. Najua kuna mwanajeshi mstaafu hapo anacheka. Acheke. Wiki ya pili ongeza dakika tano, ya tatu tano nyingine, mpaka ufike dakika 30. Siku tano mara dakika 30 ni 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima kwa wiki. Asiyeweza dakika 10 mfululizo atembee tatu, asimame, atembee tatu. Kusimama si aibu.

Kasi je? Mliosoma shule zetu mnakumbuka mchakamchaka. Tulikimbia alfajiri tukiimba, na mwalimu wa zamu alijua aliyechoka kwa kusikiliza nani ameacha kuitikia. Kwa mvutaji wetu, kipimo ni hiki: uweze kusema sentensi nzima bila kuikata, lakini wimbo ukushinde. Ukiweza kuimba ubeti mzima, unatalii, ongeza mwendo. Ukitoa neno mojamoja, punguza. Nirudie kwa waliochelewa kuwasha redio: sentensi itoke, wimbo ukushinde.

Ukishazoea, baada ya mwezi hivi, tumia nguzo za umeme. Kutoka nguzo hii mpaka ile nenda haraka, nguzo mbili zinazofuata nenda polepole, kisha rudia. Unayekaa Mwanza au Lushoto huna haja ya nguzo, vilima vipo mlangoni. Siku mbili kwa wiki ongeza kazi ya nguvu, na huhitaji vyuma vya gym. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama, kaa, simama, kaa, mara 10. Pumzika, fanya tena. Sukuma ukuta mara 10. Mapaja yatauma kesho yake, hilo ni jambo jema.

Na pumzi ikikukatikia njiani ufanye nini? Watu wengi wanafungua mdomo wazi na kutweta, wanavuta hewa ndani, ndani, ndani. Umesahau ile daladala? Wewe shughulika na kushusha abiria. Simama, inama kidogo, shika magoti au ukuta. Vuta hewa kwa pua. Kisha bana midomo namna unavyoipoza chai kwenye kikombe, upulize polepole, muda wa kutoa uwe mara mbili ya muda wa kuingiza. Ukijifunza hilo ukiwa nyumbani, umetulia, litakuja lenyewe siku ya shida.

Sasa kuna kipimo nataka nikupe.  Hospitali zenye wataalamu wa mapafu zina kipimo cha kutembea dakika sita. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwenye korido ya mita 30, bila kukimbia, anaruhusiwa kusimama akichoka, saa inaendelea kuhesabu, na mwishoni zinahesabiwa mita alizotembea. Wewe huna korido hiyo, lakini una barabara. Mara moja kwa mwezi, njia ileile, saa ileile, tembea dakika sita kwa mwendo wako wa haraka na uweke alama ulipofika, iwe mwembe au kibanda cha chipsi. Mwezi ujao umefika mbele ya mwembe? Vizuri sana. Umefika palepale? Endelea. Na kama unatembea kila siku, na bado kila mwezi unaishia nyuma ya pale ulipoishia, usiniandikie mimi, nenda hospitali. Waambie, "Mimi ni mvutaji, naomba kupimwa uwezo wa mapafu." Watakupulizisha kwenye kifaa kinachoitwa spirometa, kinachoonyesha hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ya kupuliza. Spirometa ilielezwa na daktari Mwingereza John Hutchinson mwaka 1846, na mpaka leo kuna hospitali nyingi za wilaya ambazo hazina. Kifaa cha karne ya 19! Hilo nalitaja ili wanaopanga bajeti nao walale nalo.

Nani asianze bila kumwona daktari? Anayeumwa kifua akitembea, anayehisi kizunguzungu, anayevimba miguu, anayepungua uzito bila sababu, mwenye presha isiyotulia. Anayekohoa damu asisubiri hata kesho. Na yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza. Wavutaji wanakipata kwa wingi kuliko wasiovuta, na ni rahisi kukisingizia sigara.

Nimetaja kifua kikuu, na hapo naomba dakika moja kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kugusa sigara. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa Masindi, Uganda, ambako watu wazima wa vijijini walipimwa kwa spirometa. Karibu 16 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huu sugu, na ulionekana zaidi kwa walio bado katika miaka ya 30, na karibu wote walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Kwa hiyo mama unayenisikiliza ukiwa jikoni na macho yamekuwasha, programu hii ni yako pia, pamoja na kulitoa jiko nje au kulifungulia dirisha. Na Kampala, katika Hospitali ya Mulago, wataalamu waliwachukua watu waliokwisha kupona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki sita. Hawakuwa na mashine za bei mbaya. Watu walitembea zaidi na maumivu ya kifua yakapungua. Naitaja Mulago kwa sababu kuna anayesema mambo haya ni ya Ulaya.

Mwisho, usitembee peke yako kama unaweza. Klabu za jogging za Dar es Salaam mnaziona kila mwisho wa wiki, wamevaa fulana za rangi moja na wanaimba, lakini usijitose humo wiki ya kwanza, watakuacha na utakata tamaa. Chukua mvutaji mwenzako mmoja wa kijiweni. Mwambie mzunguke mtaa mara moja, mrudi mmalizie kahawa na kashata zenu. Mkifika wanne au watano, tuandikieni, nitawasoma hapa hewani kwa jina la kijiwe chenu.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, nitakuwa na mtaalamu wa ushauri nasaha, na tutaingia kwenye lile nililoliruka leo: zile siku tatu za kwanza bila sigara, usingizi unapogoma na hasira zinapokuja, na mke au mume afanye nini. Andaeni maswali. Usiku mwema.